Kutoa Kijarida cha Hadithi za Kisayansi Mombasa: Mwongozo wa Mhariri Anayechora Mwenyewe

Toleo la kwanza la kijarida changu lilitoka na ukurasa wa 9 kichwa chini miguu juu, na nilikuja kuligundua hilo nikiwa nimeshalipia kopi 40. Msomaji mmoja wa Kisauni aliniandikia kwamba alidhani ni makusudi, kwa kuwa hadithi ya ukurasa ule ilihusu chombo kilichopinduka angani. Sikumkanusha. Tangu siku hiyo nimejifunza mengi kuhusu karatasi, wino, na subira ya watu wanaokuandikia hadithi bure. Nayaweka hapa kwa mpangilio, kwa yeyote aliye Mombasa mwenye meza, kalamu na hamu ya roketi.

Mchana mimi ni mwandishi wa mabango: majina ya maduka, maneno ya nyuma ya tuktuk, mara moja moja ubavu wa mashua. Kijarida ni kazi ya usiku na hakijawahi kunilipa. Nalisema mapema ili anayetafuta biashara ashukie hapa hapa.

Jua kwanza ukoo unaoingia

Kijarida cha aina hii huitwa fanzini: chapisho la mpenzi wa jambo fulani kwa ajili ya wapenzi wenzake, bila kampuni wala mshahara. Neno hilo lilitungwa na Mmarekani Louis Russell Chauvenet mwaka 1940, ila mtoto alizaliwa kabla ya kupewa jina. Fanzini inayohesabiwa kuwa ya kwanza ni The Comet, iliyotolewa Chicago mwaka 1930 na kikundi cha watu waliokuwa wakiandikiana kuhusu sayansi. Majarida ya hadithi za kisayansi ya siku zile yalichapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, na barua zilipozidi kuwa ndefu, mtu akaona afadhali azirudufu awagawie wote.

Mwaka huo huo wa 1930, hapa hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili, kabla ya kuanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Hayakuwa maroketi yale; ilikuwa dini na hali ya jamii. Nalitaja kwa sababu nimechoka kuulizwa kama mambo haya ni ya kizungu. Mtu kuona ana la kusema, akalitia kwenye karatasi na kulitembeza mjini, tulikuwa nalo.

Na tuna jambo jingine linaloingia kwenye fanzini kama mkono kwenye glavu. Washairi wetu hujibizana. Mmoja hutega fumbo, mwenziwe hulitegua kwa vina na mizani ile ile. Muyaka bin Haji wa hapa Mvita alilumbana hivyo na washairi wa Lamu karibu miaka 200 iliyopita. Chukua malumbano hayo, yatie katika nathari, weka sayari badala ya majahazi, na umepata fanzini. Yote yatakayofuata hapa, hata hesabu ya kurasa, yapo ili mtu akusome kisha akujibu. Mhariri asiyejibiwa ametoa kipeperushi.

Jina na ukubwa

Jina liwe fupi, la Kiswahili, na lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Hiyo ni kanuni yangu ya mabango na haijaniangusha. Mimi nilitafuta mbinguni, kwa majina ya nyota ambayo wazee waliyatumia: Zuhura, Utaridi, Kilimia. Kilimia ni lile kundi dogo la nyota ambalo wakulima walilitazamia mvua, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hapo pana sayansi na methali kwa pamoja, usiende kuazima jina la Kilatini.

Ukubwa: karatasi ya A4 iliyokunjwa mara moja, ikawa A5. Kurasa lazima zigawanyike kwa 4, maana kila karatasi iliyokunjwa ina kurasa 4. Anza na 24 pamoja na jalada la manila. Ukienda 48 utavunja stepla na moyo. Kopi 40 zinatosha kabisa, na hutapata marafiki 40 wa kweli katika toleo la kwanza.

Kupata hadithi, na kuzihariri

Usimwambie mtu "niandikie hadithi ya kisayansi." Utaletewa Marekani iliyovaa kanzu: Kapteni fulani, laboratori, rais anapiga simu. Mpe swali. Bahari ikipanda mita mbili, feri ya Likoni itatia nanga wapi? Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua Mombasa. Mvuvi akizisikia zinanong'ona atamwambia nani? Mkimbizi wa kwanza kutoka Mirihi akifika bandarini, atakwama kwa karatasi gani?

Mwandishi akikwambia anga si la watu wa Pwani, mkumbushe Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Waitaliano walirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lao la San Marco pale baharini, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya Uhuru, ikapanda setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Na kwa riwaya, Katama Mkangi, mtu wa Pwani hii, alimrusha mhusika wake hadi sayari nyingine katika Walenisi mwaka 1995. Njia imeshafyekwa.

Waandishi wanapatikana. Nimewapata kwa walimu wa Kiswahili wa sekondari, kwa vijana wanaokusanyika Swahilipot karibu na Fort Jesus, na kwenye baraza ya kahawa, ambako mzee mmoja ana nadharia ya mwezi ambayo sijafaulu kumfanya aiandike.

Sasa kuhariri. Mwanafunzi mmoja wa Changamwe aliniletea hadithi iliyoanza hivi:

"Kapteni Hamisi alikuwa ni mtu jasiri sana ambaye hakuwa na woga wowote wakati chombo chake kilipokuwa kinaingia katika anga zito la sayari ya Utaridi."

Pana kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kisayansi: Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua, haina hewa ya kutajika, seuze anga zito. Upande wake unaoelekea jua hufika kama nyuzi 430 za Selsiasi, na joto hilo halina hewa ya kulishika usiku ukiingia. Ya pili ni ya uandishi: tunaambiwa Hamisi ni jasiri, hatumuoni. Sikuandika upya. Niliandika pembeni kwa penseli: "Hakuna hewa huko. Na Hamisi anafanya nini kwa mikono yake?" Baada ya wiki akarudi na hii:

"Kapteni Hamisi aliufungua mlango wa chombo kwa mkono ule ule alioshikia kikombe cha kahawa."

Nikacheka peke yangu. Nikamwambia sasa tatizo ni kahawa, maana pasipo hewa haitakaa kikombeni. Akanijibu, "Basi ami, ichemke yenyewe." Ikachemka yenyewe, katika sentensi ya pili, na wasomaji watatu waliandika kuhusu kahawa ile peke yake.

Kutokana na hapo nina sheria chache. Mhariri huuliza, mwandishi hujibu. Usibadilishe sentensi ya mtu bila kumrudishia aione. Lahaja ziache ndani ya mazungumzo: mhusika wa Kibokoni akisema "ndoo" badala ya "njoo", au "mato" badala ya "macho", usimvalishe Kiswahili cha mtihani. Na hadithi unayoikataa, ikatae kwa barua yenye sababu moja ya kweli. "Haifai" peke yake ni kibao cha shavu.

Kuchora kwa ajili ya mashine ya fotokopi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wachoraji wazuri wanapofedheheka. Mchoro unaopendeza ukutani unaweza kutoka kwenye fotokopi kama kitu kilichookotwa kwenye moto.

Mashine inajua nyeusi na nyeupe. Kivuli cha penseli hukigeuza uchafu. Uso mkubwa uliojazwa wino mweusi hutoka na mabaka, pembeni giza na katikati majivu. Toleo langu la pili lilikuwa na anga la usiku lililojaa ukurasa mzima, nimelipaka kwa siku mbili, na kwenye kopi lilionekana kama sufuria iliyoungua. Tangu hapo giza nalijenga kwa mistari: mistari mingi iliyokaribiana, kisha mingine ikiikata, na pale ninapotaka giza zaidi naongeza safu ya tatu. Jicho la msomaji linaona usiku, mashine inaona mistari tu na haina la kuharibu.

Utaratibu wangu ni huu. Nachora kwenye A4, kisha kwenye mashine napunguza hadi asilimia 71, ambayo ndiyo A5. Kupunguza huficha mtetemo wa mkono na kukaza mistari. Ila hupunguza pia unene wa mstari, kwa hiyo kalamu ya milimita 0.5 kwa mistari ya nje, na chini ya 0.3 usithubutu, itapotea. Rasimu naichora kwa penseli ya buluu hafifu, maana mashine nyingi za nyeusi na nyeupe haziioni buluu hiyo na huna haja ya kufuta. Wino uwe usiotoka kwa maji. Kwa joto letu mkono unatoka jasho, na jasho ni maji: tandika karatasi safi chini ya kiganja, uisogeze kadiri unavyoendelea.

Nyota nazipiga kwa mswaki. Chovya mswaki mkuukuu kwenye rangi nyeupe nzito, ukwangue nywele zake kwa kidole gumba juu ya eneo la mistari myeusi, ukiwa umefunika sayari na chombo kwa vipande vya gazeti. Jaribu kwanza kwenye karatasi ya taka. Mara ya kwanza nilipata nyota moja kubwa kama embe juu ya uso wa mhusika mkuu.

Acha nafasi pembeni. Mashine nyingi hazichapi karibu na ukingo, kama milimita 5 hivi, na ule upande wa mkunjo unameza nyingine. Mimi huacha milimita 12 kila upande na nalala usingizi.

Ukiona haya ni mateso, fikiria waliotutangulia. Wahariri wa zamani walichora kwa kalamu ya chuma moja kwa moja kwenye karatasi ya nta ya mashine ya kurudufu. Mstari ukikosea, unauziba kwa dawa maalumu na kungoja ikauke. Ukikandamiza duara sana, kipande cha katikati kinadondoka na duara linatoka tone jeusi. Wengine walitumia sahani ya jelatini, iliyotoa nakala kama 50 za rangi ya zambarau, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia. Walt Willis wa Belfast alianza kutoa Slant mwaka 1948 kwa kupanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa mkono. Nikikumbuka hilo, sinung'uniki tena nikiambiwa tona imeisha.

Kuhusu jalada, mwalimu wangu ni leso. Nenda Biashara Street, simama mbele ya duka lolote la leso uangalie zilizotundikwa. Kila moja ina pindo linalozunguka, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na chini ya mji pana jina, yaani maneno yake. Sehemu tatu, na jicho linajua pa kuanzia na pa kuishia. Majalada yangu nayapanga hivyo: pindo la korosho au meno ya gia, mji ni mchoro mmoja mkubwa tu, na jina ni msemo niliouokota ndani ya hadithi. Msomaji wa Pwani hulishika kama kitu anachokijua kabla hajasoma neno.

Jambo la mwisho kwa wachoraji: chora zaidi ya unavyohitaji na uwape wenzako. Marekani alikuwepo mchoraji William Rotsler, ambaye vikatuni vyake vilijaa kwenye fanzini za wahariri wengine miaka nenda miaka rudi, na mwaka 1975 akapata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, upande wa wachoraji wa fanzini. Mhariri mwenzio akikwama na nusu ukurasa mtupu usiku wa manane, mchoro wako wa paka mwenye kofia ya anga ni sadaka.

Kupanga kurasa, ili yasikupate yaliyonipata

Chukua karatasi 6 za taka, zikunje pamoja ziwe kitabu kidogo. Kwa kalamu, andika nambari za kurasa kuanzia 1 hadi 24 kama msomaji atakavyofungua, na kila ukurasa chora mshale unaoelekea juu. Kisha zifungue. Karatasi ya nje kabisa itakuonyesha 24 kushoto na 1 kulia. Nyuma yake 2 kushoto na 23 kulia. Inayofuata ni 22 na 3, nyuma 4 na 21. Ya ndani kabisa ni 14 na 11, nyuma 12 na 13.

Sasa kanuni ya kukariri: kurasa mbili zinazokaa pamoja, jumla yake ni 25 daima, na nambari witiri iko kulia. Ukipata jumla nyingine, simama. Ndiyo hesabu niliyoiruka katika toleo la kwanza, pamoja na ile mishale, nikijidanganya kwamba nitakumbuka kichwani.

Bandika kurasa zako halisi juu ya karatasi safi kwa kuufuata mfano huo, kwa gundi ya fimbo, kingo za vipande ukizipaka rangi nyeupe ya kusahihishia ili zisitoe kivuli. Anayetumia kompyuta, programu nyingi zina uchaguzi wa kuchapa kijitabu, lakini hata hivyo tengeneza ule mfano wa karatasi za taka. Kompyuta haijui upande ambao mashine ya dukani hugeuzia karatasi.

Dukani

Nenda asubuhi, kabla ya wanafunzi na watu wa fomu za kazi. Toa nakala moja kamili, ikunje pale pale kaunta, uipekue ukurasa kwa ukurasa. Ikiwa sawa ndipo useme 40.

Mji wetu una unyevu, na karatasi inaunywa kama mtu anywavyo madafu. Siku moja ya Mei, mvua ya masika ikinyesha, nilileta karatasi zangu kwenye mfuko wa wazi, nimevuka nazo feri. Karatasi ya tano ikakwama. Dada wa fotokopi akaichomoa imejipinda kama kachiri.

"Ami, hizi zimelala nje?"

"Zimelala ndani, mwanangu. Zimesafiri tu."

"Basi zimesafiri na bahari."

Akazitia zake, nami nikalipa zaidi. Rimu ifunguliwe siku ile ile, na ibebwe ndani ya plastiki. Gramu 80 ni bora kuliko 70 kwa kazi ya pande mbili, wino hauonekani kwa nyuma. Ukipanda kufika kopi 100 au 200, tafuta anayemiliki mashine ya kurudufu ya aina inayotumiwa na shule kwa mitihani. Ile hutengeneza ukurasa mama mmoja kisha hutema mamia kwa bei ndogo.

Hesabu ya pesa ni fupi. Tuseme duka linatoza shilingi 5 kwa upande. Karatasi 6 ni pande 12, yaani shilingi 60. Jalada la manila tuseme 15. Kijarida kimoja 75, vyote 40 ni shilingi 3,000. Mimi nauza 100 kwa M-Pesa kwa anayetaka kununua, na ile 25 inayobaki inalipia nakala ninazogawa. Ikikosekana, tuktuk mbili zinahitaji maandishi.

Kukunja na kushona

Kunja karatasi tatu tatu, si zote pamoja, na ubonyeze mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Stepla ya kawaida haifiki katikati: fungua mdomo wake, weka kijarida kikiwa kimelala wazi juu ya boksi la katoni, piga pini mbili kwenye mgongo, kisha uzichomoe kutoka kwenye boksi na uzikunje ncha kwa kile kile kijiko.

Ila mimi nimeacha pini. Chumvi ya hewa yetu huzila, na baada ya masika mawili zinaacha machozi ya kutu katikati ya hadithi. Nashona kwa uzi. Matundu matatu kwa sindano nene: ingia tundu la kati kutoka ndani, toka, rudi ndani kwa la juu, pita moja kwa moja hadi la chini, toka, rudi ndani kwa la kati, funga fundo juu ya ule uzi mrefu. Nikizoea napata kimoja kwa dakika mbili, redio ikiwa inaongea.

Haki na sheria

Hakimiliki ya hadithi ni ya mwandishi tangu anapoiandika, na kwa sheria ya Kenya hudumu uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Wewe unaomba ruhusa ya kuichapa mara moja tu. Iandike hivyo kwenye ukurasa wa 2. Usichore wahusika wa filamu za watu. Ipo pia Sheria ya Vitabu na Magazeti, yenye masharti ya usajili na ya kuwasilisha nakala, isome kabla hujaanza kuuza madukani. Na tia jina lako la kweli kwenye kijarida. Mombasa inajua karatasi ndogo inavyoweza kuwa nzito: Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa waraka wa Kenya: Twendapi? wa mwaka 1968. Hadithi za sayari nyingine mara nyingi ni za hapa hapa, na anayezitoa ajue anachokisema.

Kugawa

Fanzini zina desturi ya zamani ambayo naipenda kuliko yote. Kijarida kinapatikana kwa njia tatu bila pesa: uandike barua ya maoni, uchange hadithi au mchoro, au ulete kijarida chako tubadilishane. Mimi naitangaza kwenye ukurasa wa nyuma, kwa herufi za bango.

Nakala za Malindi na Lamu nazituma kwa basi, zikiwa kwenye bahasha ya kaki na plastiki ndani. Mbili huachwa kwa kinyozi, ambako watu hungoja zamu na simu zimekufa chaji. Faili ya PDF naituma WhatsApp baada ya miezi mitatu, kwa sababu nikiituma mapema hakuna anayeandika barua. Hutuma kidole gumba tu.

Mkiwa wahariri watano hivi, liko jambo zuri zaidi. Mwaka 1937 wapenzi wa hadithi za kisayansi huko Marekani walianzisha chama cha kubadilishana kiitwacho FAPA: kila mwanachama anachapa nakala za kuwatosha wote, anampelekea mtu mmoja, na huyo anazifunga mafurushi na kumrudishia kila mtu furushi lenye za wote. Ni kama upatu, ila wa karatasi. Tumeanza kujadiliana na mwenzangu mmoja wa Unguja, na tumekwama kwenye swali la nani atakuwa mfunga furushi.

Barua

Tenga kurasa 4 katika 24 kwa barua, usizipunguze hata hadithi nzuri ikilia. Chapa barua, na chini yake jibu lako, fupi kuliko barua yenyewe. Anayekukosoa mpe nafasi ya kwanza, maana ndiye atakayewafanya wengine waandike. Matusi usichape, ila mjibu aliyetukana kwa faragha. Mmoja wao sasa ananisahihishia hesabu za mizunguko ya sayari. Anwani na nambari ya simu ya msomaji usiichape bila idhini yake, nyakati za The Comet zimepita.

Baada ya toleo la nne nilipokea bahasha kutoka Mji wa Kale. Mzee alikuwa ameandika kurasa mbili za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kwa mkono wa mtu aliyefundishwa chuoni zamani. Ilinichukua jioni mbili kuisoma, kila herufi mbili naenda kumsumbua shangazi yangu. Alikuwa akilalamika kwamba katika hadithi ya jahazi la anga, nahodha alishika kaskazini kwa nyota isiyofaa, na akaeleza kwa urefu ni ipi ilifaa na kwa msimu gani, kaskazi au kusi. Niliichapa kama ilivyo, hati yake juu na herufi za Kilatini chini. Mwandishi wa hadithi, msichana wa Bamburi, akamjibu katika toleo lililofuata kwamba jahazi lake lilikuwa karibu na sayari ya Mushtarii, na kaskazini ya huko haielekei nyota ile ile. Mzee akaandika tena. Sasa wako barua ya sita, na hawajawahi kuonana.

Kila toleo likikamilika, weka nakala tatu. Moja ipeleke maktaba, moja rafuni kwako, na ya tatu ni kurasa mama, zile ulizobandika kwa gundi, zikiwa bapa, hazijakunjwa. Hizi za mwisho nazihifadhi kwenye bati la biskuti lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, maana mende na mchwa wa mji huu ni wasomaji wakubwa. Juu ya bati naweka barua ambazo bado sijazijibu. Leo ziko nne, na moja ni ndefu.